Ampea Kumi Zilizorudi Zote

Mganga hajigangi, na fundi umeme akiwa nyumbani kwake ndiyo kabisa. Mwezi mzima mke wa Ampea alilalamika kwamba bomba la bafuni linamng'ata, na mwezi mzima mumewe, aliyepachikwa jina hilo na mafundi wenzake kwa kupenda hesabu kuliko chakula, alimcheka.

"Bomba halina meno, mke wangu."

"Basi kalishike wewe."

Alilishika kweli, miguuni ana viatu vya kazi vyenye soli nene kama tofali, asisikie kitu. Tangu siku hiyo mke akawa haoshi hata uso bafuni bila ndala zake za mpira, zile za kijani zilizolika kisigino, na Ampea akapata la kutania kila asubuhi. Mwanamume akishapata la kutania, la kusikiliza halioni tena.

Jumamosi moja jioni akaamua kuumaliza ubishi kwa hesabu. Akaegemeza ngazi ukumbini, chini ya sanduku la swichi. Vigae vilikuwa vimetoka kupigwa deki, ngazi ikateleza. Akaokota ndala mlangoni pa bafu, akazisokomeza chini ya miguu ya ngazi, moja huku, moja kule, ikatulia. Akapanda.

Akawasha hita ya maji. Akabana mita yake kwenye waya unaopeleka umeme: ampea kumi. Akaibana kwenye waya unaourudisha: kumi vilevile. Volti zilikuwa mia mbili na thelathini.

"Mama watoto, njoo usikie!"

Mke alikuwa anakuja hata bila kuitwa, taulo begani.

"Mia mbili thelathini gawa kwa kumi, unapata omu ishirini na tatu. Huo ndio ukinzani wa hita nzima isiyo na ugonjwa. Sasa zidisha: wati elfu mbili na mia tatu, kama ilivyoandikwa ubavuni mwake. Ampea kumi zimekwenda, kumi zimerudi. Hakuna hata moja iliyotorokea kwenye bomba lako."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo."

"Si mwongo. Mkono wako tu una woga. Kaoge, maji ya moto hayo."

"Haya. Nikifa, ukanipigie hesabu kaburini." Akatupa jicho chini mlangoni, asione alichokitafuta, akaingia na kufunga mlango.

Ampea akaanza kurudisha skrubu huku anapiga mluzi. Alikuwa ameshinda, na ushindi wa nyumbani ni mtamu. Ndipo jicho lake likaangukia waya wa kijani, ule ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Katika nyumba ile kongwe alikuwa ameufunga mwenyewe kwenye bomba la maji la chuma, kama mafundi wote wa mtaa wafanyavyo, kwa kuwa bomba limezikwa ardhini.

Limezikwa?

Mluzi ukakatika. Mwezi uliopita bomba lile lilipasuka pale linapochomoza kutoka ardhini. Nani alilikata na kuunganisha kipande cha plastiki? Yeye. Nani alijisifu kwamba plastiki haishiki kutu? Yeye huyo huyo. Na mng'ato ulianza lini?

Plastiki haipitishi umeme. Basi umeme ukivuja ndani ya hita unafika kwenye mabomba yote ya nyumba na kukwama hapo, hauna pa kushukia. Ndiyo maana ampea zilirudi zote. Hesabu yake haikukosea hata chembe. Ilikuwa inamngoja tu mtu wa kuufungulia umeme njia.

Kichwa kilichozoea kugawanya kikagawanya bila kuombwa. Kidole kikavu, mpira chini ya miguu: omu laki na zaidi, mng'ato tu. Mwili uliolowa, miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa: omu elfu moja. Mia mbili thelathini gawa kwa elfu moja ni ampea sifuri nukta mbili tatu. Haitoshi hata balbu moja ya kizamani ya wati sitini. Moyo wa mtu husimama kwa chini ya nusu yake.

Ana ndala, akajiambia. Mungu wangu, si ana ndala zake?

Akatazama chini. Ndala zilikuwa pale, zimebinywa na ngazi. Aliyesimama juu yazo alikuwa yeye.

Mkono ukaitangulia akili. Ukaishusha swichi kubwa, nyumba nzima ikazimika, hata friji ikanyamaza. Bafuni kitu kikaanguka kwa kishindo.

"Mama watoto!"

Hakungoja jibu.

Akaruka, ngazi ikaanguka nyuma yake. Akaupiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Mke alikuwa amesimama, sabuni machoni, kopo alilochotea maji ya ndoo limelala tupu miguuni pake. Mkono ulikuwa umenyooka gizani ukilitafuta bomba, umebakiza kama shubiri moja kulifikia.

"Unavunja mlango una nini? Nina povu mdomoni, taa umezima, hata maji ya kunawa..."

Ampea akaketi palepale kwenye maji, akaishika miguu mitupu ya mkewe kwa mikono miwili. Akamweleza vipande vipande: plastiki, waya wa kijani, ndala. Mke akasikiliza, povu likimkaukia mashavuni.

"Ningepata ampea ngapi?" akauliza taratibu.

Jibu alikuwa nalo tangu juu ya ngazi.

"Sijui," akasema. "Sijui, mke wangu."

Mke akachomoa miguu yake mikononi mwa mumewe, akajifunga taulo, akatoka ukumbini. Akaziokota ndala zake pale ngazi ilipokuwa imesimama, akazivaa.