Saa Mbili ya Nani?

Verna alimwosha binti yake nywele alfajiri kwa povu la mzizi wa yuka, mmea wa jangwani, kama Waamerika asilia wa kabila la Wahopi kijijini Moenkopi wanavyofanya mtu akiwa na siku kubwa. Bomba lilikuwa limekauka tangu Alhamisi, kwa hiyo alisuuza kwa maji machache ya ndoo. Delphine alilalamika kwamba shingo inamuuma.

"Vumilia. Unataka kwenda kujifunza kujenga madaraja na nywele za vumbi?"

Kambi ilikuwa ya wiki sita, ya sayansi na uhandisi, kwenye chuo kikuu huko kusini, kwa watoto wa jamii ambazo ni nadra kufika huko. Ilichukua waliomaliza darasa la kumi na moja tu, na Delphine alikuwa amelimaliza juzi. Hakukuwa na kujaribu tena mwakani. Barua ilisema basi litaondoka kwenye kituo cha mafuta cha mji wa Tuba City saa mbili kamili asubuhi. Haikusema saa mbili ya nani.

Kituo kiko ng'ambo ya barabara tu, lakini ng'ambo ile ni kwa Wanavajo, kabila jirani, na kila kiangazi wao husogeza saa zao mbele kwa saa nzima. Wahopi hawasogezi. Jimbo la Arizona nalo halisogezi, na chuo ni cha Arizona. Verna alipiga simu chuoni mara tatu kuuliza, na mara zote tatu alisikilizishwa muziki mpaka mapumziko yake ya kazini yakaisha. Akajijibu mwenyewe kwamba saa ni za kwao Wahopi, sawa na za chuo.

Walifika saa mbili kasorobo. Hapakuwa na basi wala wanafunzi.

"Basi la wanafunzi?" Muuza mafuta alianza kucheka. "Nyie Wahopi na saa zenu jamani!" Kisha akauona uso wa mtoto, akaacha. "Limeondoka, mama. Hapa kwetu saa hizi ni tatu kasorobo."

Safari hii simu ilipokelewa, na dada mwenye sauti ya upole.

"Nafasi yake tumempa mtoto wa akiba, alikuwa palepale na begi lake. Pole sana, mama."

"Namleta mwenyewe kwa gari. Sasa hivi."

"Orodha imeshafungwa. Na tulijitahidi kweli, hatukutumia saa za chuo. Tuliweka saa za wenyeji."

"Na sisi ni nani?"

"Kuna fomu ya maoni kwenye mtandao. Ukiijaza itatusaidia sana."

Delphine alimvuta mama yake mkono. "Mama, basi. Twende."

Verna alitaka kutukana. Alimchukia yule dada, akajichukia mwenyewe zaidi. Lakini alikuwa na mtoto mwingine darasa la tisa, ambaye naye angeomba kambi hiyo, na majina hukumbukwa. Akasema asante, kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu aliyesaidiwa.