Lango la Mteremko Mweupe

"Tokeni! Tokeni huko, nyinyi!"

Gilbert alipofika mteremkoni, sauti imemkauka, kondoo walikuwa wameshashiba. Weusi tii, vichwa vyeupe, wametapakaa juu ya ardhi ya chokaa ambayo bosi alikataza hata ukwato mmoja usiikanyage mpaka mwaka ujao. Kwingine kote katika nyanda hizi za nje ya Riyadh Gilbert, mchungaji wao, aliwalisha kwa zamu, kipande baada ya kipande, wale majani makavu ili machanga yapate nafasi. Mteremko huu, uliochubuliwa na magari ya watembezi, uliachwa upumzike.

Na lango lilikuwa wazi, hivi hivi tu!

Mlinzi wa lango, Mselem, Mzanzibari mzaliwa wa Jeddah, alikuja mbio. Nyuma yake alijikokota mama yake, Bi Kijakazi, aliyekuja kumtembelea mwanawe na kunyoosha miguu kama wageni wengine.

"Ni mie, mwanangu," alisema bibi, anatweta. "Asubuhi nilipopita nilikuona umo ndani, unakaza waya. Hebu niambie, nimfungie mtu mlango na mwenyewe yumo? Sikulelewa hivyo!"

Gilbert alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka kidogo, akageuka kuwaswaga kondoo watoke.

Bosi alifika alasiri. Alikuwa ameshaapa kwamba mgeni mmoja akiharibu, watu wa mjini hawataingia tena, na zile familia za kila Ijumaa, na mikeka na birika zao za kahawa, zitatazama maua kupitia waya.

"Nani ameacha lango?"

Mselem alifungua mdomo. Gilbert akamtangulia.

"Ni mimi, bosi."

Bosi aliutazama mteremko, akamtazama yeye. "Mvua ikinyesha na hapa pasiote kitu, halas, basi. Unarudi kwenu."

"Kaka, umejitia kitanzi!" Mselem alimwambia baadaye.

"Sasa ningemtaja mama yako?"

Lakini hofu ilimla. Kwao Baringo alikuwa ameona mbuzi wakimaliza kilima kizima, kikabaki mawe na vumbi. Kwato huua, hilo alilijua tangu utotoni. Na nyumbani mkewe Metrine na watoto walikuwa wanamtegemea yeye tu. Alipiga simu, akaulizia shule, akaulizia ng'ombe, la mteremko hakuligusa.

Mvua za vuli zilikuja kwa hasira, zikapita. Wiki zikapita pia, na Gilbert hakuthubutu kwenda kule. Asubuhi moja Mselem alimshika mkono, akamvuta.

"Njoo uone, Gilbert. Yalla, acha woga!"

Ng'ambo ya ukingo, ambako kondoo hawakufika, ardhi ilikuwa gamba gumu jeupe, maji yalikuwa yameteleza juu yake yakaenda zake. Lakini huku, kila palipozama ukwato, maji yalikuwa yametuama, na katika kila unyayo mlikuwa na kishungi cha kijani. Kila mmoja! Na juu ya vishungi, maua ya khuzama yalikuwa yameanza kufunguka, zambarau mteremko mzima, kufuata njia zile zile kondoo walizopita wakiiba.

"Mungu wangu," Gilbert alisema. Akavua viatu, hakujua kwa nini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Bosi alikuja, akachuchumaa, akaingiza kidole katika unyayo mmoja. Kilitoka kimelowa.

"Subhanallah," alisema. "Mimi niliwakataza."

"Na mimi niliwafukuza, bosi."

Bosi akacheka, akasimama. "Mwakani walete hapa, siku chache tu. Na watu waingie, kwa miguu. Lakini lango lifungwe!"

Ijumaa iliyofuata watu walijaa, wanatembea polepole, hakuna aliyepandisha sauti. Jioni Bi Kijakazi ndiye aliyetoka wa mwisho. Alisimama ameshika lango, anamwangalia Gilbert aliyekuwa amepiga magoti katikati ya zambarau, anamngoja atoke kwanza. Gilbert hakuinuka. Bibi akamngoja tena. Kisha akalisogeza lango taratibu, bila mlio, namna mtu anavyofunga mlango wa chumba alimolala mtoto.