Bersimu ya Umande

Zamu yetu ya maji ya mfereji iliangukia Jumatatu alfajiri, na bersimu haimwagiliwi kabla haijakatwa. Ndiyo maana niliingia kondeni jua halijatoka, mundu mkononi, gauni limelowa umande mpaka magotini. Ulikuwa mkato wa kwanza wa mwaka. Bersimu ni jamaa ya kunde, laini, inamnenepesha mnyama na kuirudishia ardhi nguvu iliyonyonywa na mahindi. Nyati wangu wa kufuga, wa maziwa, alikuwa hajaonja kibichi tangu kiangazi kianze, ni makapi ya ngano tu. Nikamhurumia. Nikamtupia horini mzigo mzima, unadondosha maji, nikakimbilia mferejini.

Hapa kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua kwamba bersimu ya mkato wa kwanza huanikwa, kisha huchanganywa na makapi. Mimi nina miaka arobaini na mmoja. Nina haraka za kijinga, acha niseme mwenyewe kabla hamjanisema.

Niliporudi saa tatu asubuhi, ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kupita uti wa mgongo. Ulimi nje, anahema, mate yanachuruzika, na ana mimba ya miezi tisa. 

Kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, ni kusafisha hori. Nyati huyu ni wa ubia. Nusu ni yetu mimi na mume wangu Abdelqawi, ambaye yuko Aleksandria kwenye ujenzi. Nusu ni ya dada yake, wifi yangu Inshirah, anayekaa nyumba ya jirani. Mimi namlisha, maziwa ni yangu, ndama tunagawana. Mwaka jana niliacha kamba ikalegea, akatumbukia mferejini akavunjika pembe, na Inshirah akaniambia mbele ya watu kwamba nikikosea tena anamhamishia kwake. Maziwa hayo ndiyo jibini ninayouza, ndiyo sabuni, ndiyo madaftari ya wanangu watatu. Basi nikaikomba bersimu iliyobaki nikaifukia kwenye samadi, nikamwaga makapi horini. Daktari wa mifugo hakupokea simu, kwa hiyo nikamwita Haji Shahhat, mchinjaji wa kijiji, mtu anayewajua wanyama nje na ndani.

Alifika na Inshirah nyuma yake.

"Wifi, umemlisha nini?" Inshirah akauliza.

"Makapi. Kama jana."

"Makapi gani hayo ya kumuumua kama mkate?"

Haji aligonga ule ubavu kwa vidole, akasikiliza. "Nabawiya, niangalie mimi. Amekula kibichi?"

"Makapi, Haji."

Aliuondoa mkono ubavuni. "Basi kuna kitu kimemkwama tumboni, kamba au nailoni. Hilo mimi silitibu. Tumchinje sasa, yuko hai, nyama iwe halali. Akifa mwenyewe ni wa kutupa."

"Na ndama?" nikasema.

"Ndama naye ndiyo basi, mwanangu."

Inshirah alijifuta macho kwa kilemba, akasema achinjwe. Haji akatoa kisu, akaanza kukipitisha kwenye jiwe, taratibu, upande huu na upande huu. Mimi nilikuwa nimeshika kamba.  Nikisema, nyati anaenda kwa Inshirah na wanangu wanabaki bila maziwa. Nikinyamaza, anakufa kwa uongo wangu, na hakuna atakayejua. Nawaambia kweli, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria mpaka Haji aliposema tumlaze aelekee kibla, na nyati akainama mwenyewe nilipomvuta, kwa kuwa ananiamini.

"Bersimu," nikasema. "Ya umande. Mzigo mzima."

Haji alikitupa kisu chini. "Ungechelewa kidogo tu ungenitia dhambini. Lete mafuta ya pamba. Yote uliyonayo."

Tulimmiminia chupa mbili kooni. Kwenye ule uvimbe ni povu tupu, Haji alisema, na povu linauawa na mafuta. Tukamfunga kijiti mdomoni kama hatamu ili atafune, tukampandisha kwenye ukingo wa mfereji, kichwa juu, Haji anamsugua ubavu, mimi namvuta huku ninalia. Mara mbili alipiga magoti. Inshirah alisukuma kwa nyuma. Karibu na adhuhuri nyati akabeua, harufu ikatupiga usoni sote watatu, na ubavu ukaanza kushuka. Haji akakaa chini kwenye vumbi akacheka.

Inshirah hakucheka. Alinijia akaichukua kamba mkononi mwangu.

"Wifi, kumkosea mnyama nilikuwa naweza kukusamehe," akasema. "Lakini ulinitazama nikimlilia, ukanyamaza."

 Akasema majani nitaendelea kuleta mimi, kwani konde la bersimu ni letu, kisha akaondoka naye.

Keshokutwa yake nilikata jua limeshapanda. Nikaianika juu ya paa mpaka alasiri, nikaichanganya na makapi nusu kwa nusu, nikajitwika mpaka mlangoni kwake. Inshirah akanishusha mzigo, akazamisha mkono katikati, akapapasa kila upande kutafuta unyevu. Nilisimama nikasubiri amalize.

"Ni kavu, wifi," nikasema.

Kule ndani nyati alisikia sauti yangu akaanza kulia. Inshirah akauingiza mzigo, akafunga mlango.