Taa ya Kumwonyesha Regina

Mwaka wa tisini na saba, kambi za wakimbizi zilipofurika, Bi Asnath, afisa ustawi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya, alimwita Kuruthumu, mpiga video za harusi wa Ujiji. Alitaka waliopotezana na ndugu zao warekodiwe, kila mmoja ataje jina na kwao, kisha mkanda uonyeshwe kwenye kambi nyingine.

"Bajeti ya taa ni ndogo," alisema.

"Ndogo kiasi gani, mama?"

"Ukiiuliza itapungua."

Kuruthumu alikuwa na taa moja tu, kali kiasi kwamba mabibi harusi wengi wa Ujiji walitokwa machozi mkandani, wazazi wao wakadhani ni uchungu wa kuondoka nyumbani. Haikufaa. Mtu akikunja uso, hata aliyemzaa hamtambui.

Akaenda mtaa wa Mwanga, mjini Kigoma, na kamera yake, kwenye duka la vifaa vya umeme la Mudathir, akamwomba akae kwenye kigoda amjaribishie taa.

Kwa taa ya kumulikia uwanja, Mudathir alionekana kama anahojiwa polisi. Kwa taa ya tyubu, kama marehemu.

"Hiyo sikuuzii," alisema alipojiona kwenye kamera.

Akafungua boksi la taa tatu zenye miguu, kutoka Dubai. Hapo akawa kijana, akaomba ajitazame tena. Bei aliitaja kwa sauti ya chini. Kuruthumu akamsaidia kufunga boksi.

Mwishowe alinunua balbu mbili za kawaida na waya, na kwa fundi cherehani wa jirani akapata kipande cha kitambaa cheupe cha marekani. Alikitundika mbele ya balbu, mbali kidogo kisiungue. Mwanga ukatulia. Mudathir akaonekana kama Mudathir, jambo ambalo halikumfurahisha.

Kambini alianza na mama mmoja kutoka Burundi, Regina.

"Nitazame wapi?"

"Jifanye unamtazama mumeo."

"Ningejua aliko nisingekuja hapa."

Kuruthumu akamwomba radhi, akamwonyesha kioo cha kamera. Regina alitaja jina lake, kwao, na jina la mume, Leonardi. Kisha akaendelea kutazama. Kuruthumu hakuwa na moyo wa kukata.

Mkanda ulipoonyeshwa kambi ya pili, mwanamume mmoja alisimama mbele ya televisheni. Watu wakamwambia akae. Hakukaa.

Bi Asnath alipomleta Leonardi kwa mkewe, alimchukua Kuruthumu pia ili arekodi. Leonardi alimtazama Regina kwa muda mrefu.

"Kwenye video ulikuwa umenenepa kidogo."

"Ego, ndiyo. Basi rudi kwenye video."

Hakurudi. Alikaa mkekani, akauliza maharage yataiva lini. Regina akamwambia akachote maji kwanza. Kuruthumu alijaribu kurekodi, lakini kila alipoweka jicho kwenye kamera hakuona vizuri. Akaizima, akachukua ndoo moja, akamfuata Leonardi bombani.