Mpaka Usiku Utoke

Kwetu milimani, baridi ikifika pale ambapo maji huganda ndani ya ndoo, watu husema Usiku umeingia, hata kama jua linawaka. Usiku ukiingia, halilimwi shamba wala haupandwi mti, na wazee hukaa karibu na jiko la kuni mpaka utoke.

Yetto alikuwa akikimbia kila alfajiri na binti wa mjomba wake, Tuda, kwenye njia ya mierezi. Kocha alikuwa ameahidi kuja kwenye mbio za majira ya kuchipua, achague msichana mmoja wa kwenda kambi ya wakimbiaji mjini. Kijiji kizima kilijua ni Yetto. Tuda mwenyewe alisema, "Mimi nakusindikiza tu, dada. Ukifika huko unitumie viatu."

Halafu Yetto akatoka kuoga hamamuni na nywele mbichi, akashikwa na kikohozi. Bibi yake akampa chai ya pakanga, akamfunika joho la sufu.

"Hakuna kukimbia. Usiku umeingia. Hata ardhi imelala, wewe nani?"

Kesho yake Tuda aligonga dirisha, pua nyekundu kama pilipili.

"Toka, mgonjwa!"

"Bibi kasema mpaka Usiku utoke."

"Usiku si wa usiku? Sisi tunakimbia asubuhi!"

Yetto alicheka mpaka akakohoa. Hakutoka.

Kikohozi kiliisha mapema. Lakini kando ya jiko palikuwa na joto, na neno la bibi lilikuwa neno zuri la kujifichia. Usiku ukatoka, theluji ikazidi kuanguka. Akasema ngoja iyeyuke. Ikayeyuka, njia ikawa tope. Akasema ngoja ikauke. Kila asubuhi alimsikia Tuda akipita peke yake, akiteleza, akijitukana, akiinuka. Siku moja alirudi goti linavuja damu. Yetto akamfunga kitambaa.

"Si upumzike kidogo?"

"Nikipumzika nitanogewa," Tuda alisema, akachechemea kwenda zake.

Siku ya mbio Yetto aliwaacha wote tangu mwanzo. Wanawake walipiga vigelegele. Kwenye mlima wa mwisho pumzi zikamwishia, akainama, kashika magoti. Tuda akamfikia, akapunguza mwendo.

"Inuka, bwana! Nishike mkono."

"Nenda."

"Yetto!"

"Nenda, watakupita!"

Tuda akaenda, huku akigeuka nyuma.

Kocha alimpa Tuda mkono, akamwambia ajiandae kwa kambi. Kisha akamtazama Yetto.

"Wewe mrefu, ulianza vizuri sana. Ulikuwa unaumwa?"

Tuda akadakia, "Ndiyo, mwalimu, kifua kili..."

"Sikuwa naumwa," Yetto alisema, macho chini.

Kocha akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Walirudi nyuma ya lori la mjomba. Tuda alisinzia begani kwake, mdomo wazi. Yetto alikaa vilevile asimwamshe. Alijibonyeza paja, kisha la pili, akitafuta maumivu. Hakuyapata. Miguu yake haikuwa imechoka hata kidogo. Ingeweza kushuka palepale na kukimbia mpaka nyumbani.