Kinundu Changu na Kisigino cha Wifi

Mtaa mzima huu hakuna fundi cherehani wa kike mwenye miguu mizuri kunizidi. Na fundi cherehani wa kike ni mimi peke yangu. Tena uzuri wenyewe uutazame kuanzia juu, ukifika kwenye vifundo uishie hapo hapo, maana huko chini kuna mambo.

Mguu wa kulia, kwenye shina la kidole gumba, mfupa umetokeza kama kitunguu kinachotaka kutoboa mfuko. Daktari anauita kinundu. Kidole chenyewe kimewalalia wenzake kama mlevi kwenye benchi. Halafu katikati ya vidole, upande wa chini, kuna kitu kingine kisichoonekana. Nikikanyaga nahisi kijiwe kiatuni. Navua, nakung'uta, hakuna kijiwe. Navaa, kijiwe kipo. Nimekung'uta sana viatu visivyo na hatia, mpaka daktari aliponiambia kwamba hicho si kijiwe, ni mshipa wa fahamu uliobanwa ukavimba.

Na mguu huo ndio unaokanyaga pedali ya cherehani. Ndio uliowalisha wanangu baada ya baba yao kufariki. Siku hizi nashona mkono mmoja wa blauzi, napumzika, nashona wa pili, natukana kidogo, napumzika tena.

"Si utumie wa kushoto, mama," binti yangu alinishauri.

Nilijaribu. Cherehani ilizunguka kinyumenyume ikakata uzi. Mguu wa kushoto hauna akili ya kazi, umezoea kukaa pembeni kama mgeni.

Viatu vipana nimevaa. Sindano nimechomwa, nafuu ikaja ikaaga. Mwisho daktari akasema kumebaki kupasua: mfupa ataunyoosha, mshipa atautoa. Wengi wanapona. Wachache, maumivu hubaki. Na vidoleni patabaki na ganzi.

"Sasa nipasuliwe, nisipasuliwe?" nikamuuliza.

"Uamuzi ni wako, mama. Kafikirie, Jumatatu uniambie."

Nikamtazama. Mimi nimeishia darasa la saba, yeye amesoma mpaka nywele zimemkimbia, halafu wa kuamua ni mimi. Mteja akiniletea kitambaa, simpi mkasi nikamwambia akate mwenyewe.

Nyumbani ndiyo kabisa. Asubuhi binti yangu anasema nipasuliwe, jioni ameongea na mwenzake kazini, anasema nisipasuliwe. Nikilala nimeamua ndiyo, nikiamka naikuta hapana imekaa miguuni pangu. Upasuaji ukienda vibaya, cherehani nimeiaga. Nisipopasuliwa, naiaga vilevile, ila polepole.

"Kamuulize shangazi," binti akasema. "Si alipasuliwa mwaka jana?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa na kinundu kama changu, kijiwe kama changu, mguu ule ule wa kulia, na akapasuliwa na daktari huyu huyu. Tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo, na akikaa anashusha pumzi kama gunia limetuliwa.

"Usithubutu, wifi," aliniambia, mguu wake uko juu ya mto. "Mimi walinimaliza."

"Mbona kidole kimenyooka?"

"Hata maiti hunyooka."

Mkamwana wake, mke wa mwanawe, alikuwa anapita na beseni la maji ya moto ya kumkandia. Wifi akagumia kidogo. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka.

Wiki hiyo nilikuwa namshonea wifi gauni la kuvaa kwenye arusi ya binti yake wa mwisho. Kwangu kuna sheria moja: pindo linapimwa mteja akiwa amevaa viatu vya siku yenyewe. Wifi akaja na viatu vya chini, bapa kama chapati.

"Una hakika ni hivi?" nikamuuliza.

"Wifi, unanicheka? Mimi na kisigino tulishaachana."

Nikapiga magoti, nikatia alama ya chaki, pindo likagusa ukucha. Nikashona, nikapeleka.

Ijumaa, mkesha wa arusi, binti yangu akarudi na gauni mkononi. "Shangazi anasema ni fupi. Vifundo viko nje. Ushushe pindo."

Nikakaa chini. Nilipima mwenyewe. Kitambaa hakisinyai kabla ya kufuliwa. Ama macho yangu nayo yanataka kupasuliwa, ama wifi amerefuka uzeeni. Sikuona la tatu. Nikalikunja gauni, nikaweka chaki na pini kwenye mfuko, nikaenda kumpima upya, nakwenda nasimama, nakwenda nasimama.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kutoka chumbani kwa wifi nikasikia kitu kinagonga sakafu: ko, ko, ko. Halafu kinageuka: ko, ko, ko. Nikasukuma pazia.

Wifi alikuwa mbele ya kioo, mkono kiunoni, ndani ya viatu vyekundu vya kisigino kirefu. Mkongojo ulikuwa dirishani, umeshikilia dirisha lisijifunge.

"Wifi," nikasema.

Akaanguka kitandani. "Mguu wangu mimi."

"Huo ulioushika ni wa kushoto."

Akauachia. "Navipanua tu. Ni vya bibi arusi."

"Bibi arusi ana mguu wa kitoto, mapindo yake huwa napima mimi. Lete huo mguu hapa."

Akauleta, hana ujanja. Nikamvua kiatu. Kovu lilikuwa jembamba, mshono umekwenda sawasawa, sikuona pa kukosoa, na mimi kukosoa napenda.

"Unauma?"

"Ulishaacha."

"Na kijiwe?"

"Kiliondoka. Hapa vidoleni pana ganzi tu, kama si pangu."

"Sasa ulikuwa unanitisha ya nini?"

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Wewe una mdomo, wifi. Ningekwambia nimepona, mtaa mzima ungejua. Mkamwana wangu ananiletea chai kitandani. Ananikanda. Nikipona, ataniletea nani?"

"Kwa hiyo mimi nibaki na kijiwe changu ili wewe unywe chai."

"Nilijua utasubiri kidogo tu."

Sikujua nimnase kibao au nicheke, nikabaki nimeshika kiatu. Na bado sikuwa na uhakika. Kupona kwake si hati ya kwamba nami nitapona. Daktari alishasema wapo wachache. Kilichonikaa rohoni kilikuwa ile ganzi.

"Mguu wenye ganzi unaijua pedali?" nikamuuliza.

"Nitajuaje, mimi sishoni."

"Simama. Vaa. Kanyaga kama unashona. Kisigino, vidole, kisigino, vidole."

Akasimama, akaanza. Ko, pa, ko, pa. Kwanza taratibu, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza ukuta.

"Naisikia sakafu," akasema. "Si yote. Lakini naisikia."

"Inatosha kushona mshono ulionyooka?"

"Inatosha hata wa mviringo." Akaongeza kasi, gauni la nyumbani amelikusanya mkononi.

"Basi Jumatatu nakwenda," nikasema.

Wifi hakunisikia. Alikuwa ameshanogewa, ko, pa, ko, pa, na kelele hiyo ndiyo iliyomleta mkamwana. Alisimama mlangoni na sinia la chai, mto wa kuegemezea mguu ameubana kwapani. Akaviangalia viatu vyekundu. Akauangalia mkongojo dirishani. Wifi akaganda, mguu mmoja juu.

"Mama," mkamwana akasema kwa upole, "chai niiweke hapa, au utakuja kunywea mezani?"

Wifi akanigeukia mimi nimwokoe. Nikalikunjua gauni la arusi, nikatoa chaki.

"Simama hivyo hivyo, wifi," nikamwambia, "nikupimie pindo."