Nusu kwa Nusu

Siku mjomba alipofariki nilikuwa dukani kwa fundi cherehani, nimekaa juu ya ngazi, namsubiri. Tulipatana saa mbili asubuhi. Mjomba hakuwa mtu wa kuchelewa. Akisema saa mbili, saa mbili kasorobo utamkuta mlangoni anapangusa viatu. Ilipogonga saa tatu nikaanza peke yangu. Nilichimba ukuta pale alipochora kwa penseli jana yake, nikapitisha bomba, nikavuta waya mpaka soketi ya tatu. Hapo simu ikalia. Alikuwa mkaza mjomba, mkewe.

"Fyuzi, mwanangu, uko juu ya ngazi?"

"Ndiyo."

"Shuka kwanza."

Nikashuka. Moyo ulimsimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Jina la Fyuzi alinipa mjomba. Alisema ninaungua upesi, lakini nikishaungua nyumba inasalimika. Nilipomaliza kidato cha nne hapakuwa na ada ya kuendelea, akanichukua tufanye kazi pamoja. Miaka minne. Kabla ya kushika waya wowote alinitaka nizime meni swichi, nipime kwa testa, kisha niuguse kwa mgongo wa kidole. "Testa ni chombo, inaweza kudanganya," alisema. "Na ukiushika kwa kiganja, umeme unafumba mkono, haukuachii. Kwa mgongo unakusukuma. Utanitukana, lakini utakuwa hai." Mpaka leo nagusa hivyo, hata swichi ya chumbani kwangu.

Mwezi mmoja kabla ya kufa alileta fomu ya mkopo wa chuo cha ufundi. Mwaka mmoja wa masomo, cheti cha umeme mwishoni. Nikachukua penseli yake nikapiga hesabu ukutani, mahali ambapo lipu ingekuja kufunika. Mkopo milioni moja na laki nane. Pamoja na riba, rejesho elfu sitini kila mwezi kwa miaka mitatu. Fundi mwenye cheti anayeanza kuajiriwa hupata laki saba. Toa rejesho, zinabaki laki sita na arobaini. Mimi nilikuwa napata elfu thelathini kwa siku, siku ishirini kwa mwezi, laki sita kamili.

"Mjomba, nikae mwaka mzima bila kitu, nijitie deni, kwa ajili ya elfu arobaini?"

Mkaza mjomba, aliyekuwa ametuletea chai, akaniunga mkono. "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Mjomba aliitazama ile hesabu muda mrefu. "Kujumlisha umejumlisha sawa," akasema. "Ila mizani yako ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Kunywa chai, itapoa."

Nilidhani ananitania. Fomu nikairudisha kwenye mkoba wake wa vifaa, chini ya plaizi.

Wiki mbili baada ya mazishi nilirudi kumalizia kazi ya fundi cherehani. Maskini, alikuwa amesubiri bila kulalamika, akikanyaga cherehani ya mguu mlangoni penye mwanga. Nilimaliza kwa siku mbili. Lakini watu wa umeme hawaungi jengo bila saini ya fundi mwenye cheti, na cheti kilikuwa cha mjomba. Ikabidi nimwite jamaa mmoja anayejulikana mtaani kama Fundi Saini. Alikuja na kalamu tu. Juu hakutazama. Alitia saini, akapokea elfu sitini, kisha akanigeukia kwa upole.

"Mkono wako msafi, dada. Njoo kwangu. Kibarua nampa elfu kumi na tano kwa siku."

Nikacheka. "Mjomba alinipa thelathini."

"Thelathini? Yeye kwa siku alichukua ngapi?"

"Sijui."

"Wote tunachukua sitini. Kibarua asiye na cheti ni kumi na tano, uliza popote." Akatikisa kichwa. "Thelathini! Hata mimi ningekubali kuwa mpwa wake."

Niliuliza popote. Wa kwanza kumi na tano, wa pili kumi na mbili, wa tatu kumi na tano na chai.

Nikaenda kwa mkaza mjomba. Alikuwa amekaa kitandani anakunja mashati ya marehemu.

"Ni kweli aligawa nusu kwa nusu?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilimgombeza, nikamwambia unamlipa huyo binti kama waziri. Akasema, nikimpa kumi na tano ataichukia kazi kabla hajaijua."

"Na hamkuniambia?"

"Ungekubali kuzipokea? Wewe? Ungelipuka hapo hapo." Akalikunjua shati alilokwisha kulikunja, akalikunja upya. "Siku ile ya ukutani alirudi amenyong'onyea. Alisema, nusu yangu ndiyo inayomzuia kusoma."

Siku ile nilipima deni nikiliogopa, na jiwe nililoweka upande wa pili lilikuwa mkono wa mjomba. Bila mkono wake, mshahara wangu ni laki tatu. Sikulia mazishini. Nililia pale, juu ya mashati.

Mkaza mjomba akauvuta mkoba wa vifaa kutoka mvunguni, akaitoa fomu. Kona moja ilikuwa na alama ya grisi. Mahali pa mdhamini mjomba alikuwa ameshatia saini.

"Hii haifai tena," nikasema. "Mdhamini lazima awe hai."

"Kalete nyingine, nitadhamini mimi."

"Si wewe uliyesema kulipa matanga?"

"Matanga tumeshakaa, mwanangu. Deni la elfu sitini linitishe nini?"

Fomu mpya ilipokelewa Alhamisi. Ile ya zamani nimeibakiza mkobani. Duka la fundi cherehani lina umeme, na masomo yanaanza Jumatatu saa mbili asubuhi.